Mtoto mdogo kujifanyia mambo mwenyewe: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Hapa nimekusanya maswali ambayo wazazi na walezi wanauliza sana kuhusu watoto wa mwaka mmoja mpaka kama sita hivi: kula mwenyewe, kuvaa, choo, kunawa, kazi ndogo ndogo za nyumbani. Utaona majibu yangu mengi yanarudi palepale, kwamba mtoto mara nyingi uwezo anao, kinachokosekana ni muda wetu sisi wakubwa na vitu kuwekwa mahali anapofika. Lakini kila swali lina mambo yake kwa hiyo twende moja moja.

Nianze lini? Si bado mdogo sana?

Anza mapema kuliko unavyodhani. Miezi 6 hivi akianza kula vyakula tayari anaweza kushika kipande laini akakipeleka mdomoni, ikifika miezi 9 hadi 12 anaanza kuokota vitu vidogo kwa kidole gumba na cha shahada, na hapo ndo utamkuta anaokota kila takataka ya sakafuni na kuionja. Mwaka mmoja na nusu anavua soksi (tena anavua wakati hujamuomba), anakunyooshea mkono uingie kwenye shati. Miaka 2 anaweza kushusha suruali ya lastiki. Miaka 3 anavaa nguo rahisi kwa msaada kidogo, vifungo vikubwa vinakuja kati ya 3 na 4, na kufunga kamba za viatu wengi wanaweza wakiwa na 5 au 6, wengine baadaye kidogo na hakuna ubaya.

Kumbuka kuvua kunatangulia kuvaa siku zote. Kwa hiyo kama hujui uanzie wapi anza na kuvua, jioni, kabla ya kuoga, wakati hamna haraka ya kwenda popote.

Na hiyo miaka ni wastani tu, usiikamate kama sheria. Mtoto wa jirani kuvaa viatu mapema hakukuambii chochote kuhusu wa kwako.

Kila kitu anasema "mwenyewe! mwenyewe!" na asubuhi tunachelewa. Nifanyeje?

Kwanza ujue huo sio ukorofi. Mwanasaikolojia Erik Erikson alieleza kwamba kuanzia kama mwaka mmoja na nusu mpaka miaka 3 mtoto ana kazi moja kubwa ya kujigundua kwamba yeye ni mtu anayeweza, na akizuiwa au kuchekwa kila akijaribu anabaki na aibu na mashaka juu yake mwenyewe. Hiyo "mwenyewe" unayoisikia ndo kazi yenyewe inaendelea.

Sasa asubuhi. Asubuhi sio muda wa kufundisha kitu kipya, huo ni muda wa kufanya anachokijua tayari. Kitu kipya mfundishe siku ya mapumziko au jioni mkiwa mmetulia. Halafu asubuhi mgawanyie: "leo viatu ni vyako, shati nakuvalisha mimi." Mwambie kabla hamjaanza sio katikati wakati ameshakasirika. Nguo zitoke usiku, viatu vikae mlangoni, na kama unaweza muamshe mapema kidogo, dakika 10 tu zinabadilisha kabisa hali ya hewa ndani ya nyumba.

Na siku ambayo kweli mmechelewa mwambie ukweli, "leo tumechelewa nakusaidia, jioni utavaa pajama mwenyewe," alafu jioni uitimize. Usipoitimiza kesho hatakuamini na ana haki.

Namfundishaje kuvaa bila kila siku kuwa vita?

Hili ndo nalipenda kuliko yote kwa sababu kuna mbinu zinazofanya kazi kweli kweli na hazihitaji kununua kitu.

Mbinu ya kwanza ni kufundisha kuanzia mwisho. Wengi wetu tunamwachia mtoto aanze, anakwama, sisi tunamalizia, kwa hiyo kila mara yeye anabaki na sehemu ya kushindwa na sisi tunachukua sehemu ya kufaulu. Geuza. Suruali mvalishe wewe mpaka magotini, yeye aivute juu amalizie. Akizoea, mwachie kuanzia kwenye vifundo vya miguu. Akizoea tena, aingize mguu wa pili mwenyewe, mwisho yote. Kila hatua anamaliza yeye, anasimama anakuangalia na ule uso wake wa "umeona?" na kesho yake anataka tena. Wataalamu wanaofundisha watoto wenye shida ya viungo wanaitumia sana njia hii na inafaa kwa mtoto yeyote.

Koti. Litandaze sakafuni upande wa ndani ukiangalia juu, mtoto asimame upande wa kola, yaani koti liwe limepinduka kichwa chini kwake. Ainame, aingize mikono yote miwili kwenye mikono ya koti, kisha anyanyue alipitishe juu ya kichwa lishuke mgongoni. Ukiisoma inaonekana kama mazingaombwe lakini jaribu, mtoto wa miaka 3 anaiweza na anacheka kila mara.

Viatu kulia na kushoto: chukua stika moja, ikate katikati, nusu bandika ndani ya kiatu cha kulia na nusu ndani ya cha kushoto, upande wa ndani ambapo viatu vinagusana. Akiviweka sawa picha inakamilika. Akizikosea picha inakaa nyuma kwa nyuma na anaona mwenyewe bila wewe kusema "umekosea" kila siku.

Zipu ikiwa inamsumbua funga kipande cha kamba au riboni kwenye kile kichuma apate pa kushika, na umuingizie wewe pale chini kwanza, hiyo ndo sehemu ngumu, yeye apandishe. Suruali na soksi avae amekaa chini, kusimama mguu mmoja huku unalenga tundu ni kazi mbili kwa wakati mmoja. Nguo za kujifunzia ziwe pana kidogo zenye lastiki, viatu vya velkro (vya kubandika bila kamba), suruali za jinzi zenye vifungo vigumu ziache kwanza.

Kuhusu kuchagua nguo mpe mbili tu. "Ya bluu au ya njano?" Ukimfungulia kabati lote na kumuuliza "unataka kuvaa nini" umempa mtihani ambao hata watu wazima unatushinda.

Akishindwa anatupa vitu na kulia. Nimsaidie au nimwache?

Yote mawili, ila kwa mpangilio. Kwanza ngoja. Sisi tunaingilia haraka mno, mtoto bado anafikiria kidole kiende wapi mkono wa mama ushafika. Hesabu kimya kimya mpaka 10 kabla hujanyoosha mkono, utashangaa mara ngapi anaweza.

Akiendelea kukwama sema kidogo: "angalia tundu liko wapi." Bado? Muonyeshe kwa kidole. Bado? Shika kitu kimoja yeye afanye kingine, mfano wewe shika kitambaa yeye asukume kifungo. Kumfanyia kabisa iwe ya mwisho. Na muulize, "nikushikie au nikuonyeshe?" maana hilo swali linamwambia kazi bado ni yake.

Ila akiwa amechoka, ana njaa, au ameshaanza kulia kwa nguvu, hapo somo limeisha. Mkumbatie, malizia wewe, mtajaribu kesho. Mtoto aliyekasirika sana hajifunzi kitu.

Akila mwenyewe anamwaga kila mahali. Si bora nimlishe tu?

Kumlisha ni haraka na ni kusafi, naelewa kabisa. Lakini kijiko anajifunza kwa kukishika, hakuna njia nyingine. Mpe kijiko kifupi chenye mpini mnene, chakula kidogo kwenye sahani umuongezee, bakuli liwe na ukingo ulionyooka ili chakula kigonge pale kiingie kwenye kijiko badala ya kukimbizwa. Wewe unaweza kuwa na kijiko chako pembeni mnapokezana, sio lazima iwe yeye tu au wewe tu.

Kikombe cha kawaida kisicho na mfuniko anaweza kuanza kujifunza hata kabla ya mwaka ukimshikia, weka maji ya vidole viwili tu chini, akimwaga amemwaga kidogo. Na akimwaga asigombezwe, apewe kitambaa. "Maji yamemwagika, kitambaa kiko pale." Kufuta ni sehemu ya kula.

Usalama hapa sina utani. Mtoto akila awe amekaa, sio anakimbia wala amelala, na mtu mzima awepo. Vitu vigumu, vya duara au vya kuteleza kama karanga nzima, pipi ngumu na zabibu nzima ni hatari ya kumkaba mtoto wa chini ya miaka 4 au 5. Zabibu na vinavyofanana nayo vikatwe kwa urefu, vigumu vipikwe au visagwe.

Choo! Nimtoe pampasi lini?

Hili ndo swali la kwanza kwenye kila kikao cha wazazi. Angalia mtoto usiangalie kalenda. Wengi wanakuwa tayari mahali fulani kati ya mwaka mmoja na nusu na miaka 3. Dalili ni hizi: anakaa mkavu kama saa mbili hivi, anajificha nyuma ya kochi akitaka kujisaidia au anakwambia pampasi imechafuka, anaelewa maelekezo mafupi, anaweza kushusha suruali, na anaonyesha hamu ya kujua nyie mnaenda kufanya nini huko chooni. Ukiona hizo nyingi anza. Ukianza kabla mara nyingi inachukua muda mrefu zaidi na mnachoka wote.

Poti ni nzuri kwa sababu miguu inagusa chini. Akitumia choo cha wakubwa cha kukaa weka stuli miguu ikanyage, mtoto anayening'inia anaogopa kudumbukia na hawezi kusukuma vizuri. Mkalishe baada ya kula, baada ya kuamka, kabla ya kutoka, dakika chache tu, akikataa muinue bila maneno. Usimkalishe nusu saa na simu mkononi, hatajua yuko pale kufanya nini.

Akijikojolea msemeshe kwa sauti ya kawaida tu: "umelowa, tukabadilishe, mkojo unaenda kwenye poti." Kumchapa au kumuaibisha mbele ya watu kunaharibu, na watoto wengine wanaanza kubana choo kikubwa. Akibana kinakuwa kigumu, kikiwa kigumu kinauma, kikiuma anabana zaidi, na huo mduara ni mgumu kuuvunja. Ukiona choo kigumu au analia akienda, shughulikia hilo kwanza kwa maji ya kutosha na vyakula vyenye nyuzinyuzi, likizidi muone daktari, poti isubiri.

Wasichana wafundishwe kujifuta kutoka mbele kwenda nyuma, kuanzia siku ya kwanza, inazuia vijidudu visiingie kwenye njia ya mkojo. Ila kujifuta vizuri baada ya choo kikubwa wengi wanahitaji msaada mpaka miaka 4 au 5, kwa hiyo endelea kukagua.

Mchana yuko sawa ila usiku bado anakojoa kitandani, ana miaka minne.

Kawaida kabisa. Usiku ni mambo ya mwili, sio ya kufundishwa: ubongo uweze kumuamsha kibofu kikijaa na mwili upunguze kutengeneza mkojo usiku. Inakwenda kiukoo pia, kama baba au mama alichelewa mtoto anaweza kuchelewa. Madaktari wengi hawaliiti tatizo kabla ya miaka 5. Ila kama alikuwa mkavu kwa miezi 6 au zaidi kisha ghafla akaanza tena, au ana kiu isiyo ya kawaida, au mkojo unamuuma, mpeleke hospitali bila kungoja.

Tandika plastiki chini ya shuka na usimuulize asubuhi mbele ya ndugu zake.

Meno anaweza kupiga mswaki mwenyewe?

Aanze yeye, umalizie wewe. Mkono wa mtoto mdogo hauwezi kufika kila jino, msaada unahitajika mpaka kama miaka 7 au 8, wengi wanaacha mapema mno. Dawa ya meno yenye floraidi: chini ya miaka 3 ipakwe kiasi cha punje ya mchele, miaka 3 mpaka 6 kiasi cha punje ya njegere. Asubuhi na usiku. Afundishwe kutema.

Na kunawa mikono?

Stuli imara, sabuni anayoifikia, tauli kwenye msumari wa chini. Sekunde 20, wimbo wowote mfupi wa kwenu unatosha kuhesabia. Wengi wanasugua viganja tu, muonyeshe mgongo wa mkono, katikati ya vidole, na kidole gumba ambacho kinasahaulika sana.

Kazi za nyumbani sio kumtesa?

Kinyume chake, mtoto mdogo anaomba kazi na sisi ndo tunamfukuza. Mwaka 2006 watafiti Felix Warneken na Michael Tomasello walichapisha majaribio na watoto wa miezi 18: mtu mzima anaanika nguo, kibanio kinamdondoka, anajinyoosha hakifikii, au amebeba mzigo mikono yote miwili na mlango wa kabati umefungwa. Watoto wengi walienda kuokota au kufungua, bila kuombwa na bila kupewa chochote. Miezi 18 tu! Kwa hiyo ile hamu ya kusaidia tunaikuta tayari imo ndani yao.

Shida ni kwamba akiwa na hiyo hamu hana ujuzi, anakuchelewesha, unamwambia "nenda kacheze." Baadaye akiwa na ujuzi unamwita na hamu imeshaisha. Mpokee sasa hivi. Wa miaka 2 aweke nguo chafu kwenye kapu, arudishe midoli kwenye boksi. Wa 3 na 4 apange vijiko mezani, amwagilie mmea, aoanishe soksi. Wa 5 na 6 afagie, akunje nguo, atandike kitanda chake. Na ukiona shuka limekunjamana usilitandike upya akiwa anaangalia, hapo unafuta kazi yake yote.

Nimpe zawadi akifanya?

Kidogo na kwa tahadhari. Watafiti haohao walirudi mwaka 2008 wakaona watoto waliopewa zawadi kwa kusaidia, zawadi zilipokoma walisaidia mara chache kuliko wenzao ambao hawakupewa. Na utafiti wa zamani wa Lepper, Greene na Nisbett wa 1973 uliangalia watoto wa chekechea waliokuwa wanapenda kuchora: walioahidiwa cheti kwa kuchora baadaye walichora kwa hiari yao kama nusu tu ya wenzao. Kuchora kulishageuka kuwa kazi ya malipo.

Stika kwa muda mfupi kwenye kitu kimoja kigumu kama poti sioni ubaya, kisha ziache zipungue. Kila siku tumia maneno, na yawe ya kilichotokea: "umevuta zipu mpaka juu," "ulikwama ukajaribu upande mwingine." Hayo yanamfaa kuliko "una akili wewe," maana siku akishindwa atajiuliza akili imeenda wapi.

Alikuwa anaweza, sasa hataki tena. Amerudi nyuma?

Angalia nini kimebadilika. Mdogo wake kuzaliwa, kuhama, ugonjwa, kuanza chekechea, wazazi kugombana. Mtoto akiwa na wasiwasi anarudi kwenye utoto kidogo kuhakikisha bado yupo wa kumbeba. Mbebe. Mvalishe wiki chache bila masimango ya "wewe si mkubwa sasa," atarudi.

Tofauti na hapo ni mtoto anayepoteza vitu vya msingi, alikuwa anasema maneno hasemi tena, alikuwa anatembea vizuri sasa anayumba. Hiyo ni ya daktari, umri wowote, mara moja.

Bibi yake anamfanyia kila kitu. Nasemaje bila kumuudhi?

Usimpe bibi mhadhara. Kwake kumvalisha mjukuu ni mapenzi na ni kweli ni mapenzi. Muombe kitu kimoja tu, "mama, viatu tunamwachia avae mwenyewe, naomba utusaidie kumsubiri," na umuombe mtoto amuonyeshe bibi anavyovaa. Bibi akishaona atamsifia mtaa mzima na yeye ndo atakuwa wa kwanza kusema muacheni mwenyewe. Mengine muachie, mtoto anajua kwa bibi kuna utaratibu wake na haimharibu.

Anatumia mkono wa kushoto, nimbadilishe?

Hapana. Ni maumbile yake. Ila kama hajafika mwaka mmoja na tayari mkono mmoja hautumii kabisa, mpeleke akaangaliwe, kwa sababu umri huo wanatakiwa watumie yote miwili.

Hatuna fanicha za watoto na nyumba ni ndogo.

Daktari Maria Montessori alipofungua nyumba yake ya kwanza ya watoto, yaani shule ya wadogo, huko Roma, Italia, tarehe 6 Januari 1907 ilikuwa kwenye mtaa wa San Lorenzo, mtaa wa watu maskini, na wazo kubwa alilokuja kulitumia ni vitu viwe vya kimo cha mtoto. Hilo halihitaji pesa. Piga msumari mmoja chini atundike begi. Droo ya chini iwe nguo zake. Kikombe na sahani yake viwe kwenye rafu anayofika, visivyovunjika. Piga magoti uangalie chumba kutoka kimo chake, utaona mwenyewe ni vitu vingapi hawezi kuvipata bila kukuita.

Ukiwa umepiga magoti hapo angalia na hatari pia. Dawa na sabuni za kufulia juu kabisa na kufungwa. Ndoo ya maji isiachwe wazi, mtoto mdogo anaweza kuzama kwenye maji ya sentimita chache na hatapiga kelele. Ngozi yake ni nyembamba, inaungua haraka kuliko yako, kwa hiyo maji ya kuoga wewe ndo unayapima na sufuria mpini wake uelekee ndani. Kujitegemea hakumaanishi kuachwa peke yake, jikoni na bafuni uwepo.

Mtoto wangu ana ulemavu, haya yanamhusu?

Yanamhusu sana. Hatua zinakuwa ndogo zaidi na muda mrefu zaidi, lakini ile ya kuanzia mwisho inafanya kazi vizuri mno kwake. Picha za hatua zilizobandikwa ukutani zinasaidia watoto wengi. Kama hawezi kuvaa shati lote lakini anaweza kusukuma mkono wa mwisho utokeze, basi huo mkono ni wake kila siku, asinyang'anywe kwa sababu ya haraka.

Na kwa mtoto yeyote, akifika miezi 18 hatembei mwenyewe, au moyo wako tu unakwambia kuna kitu, nenda kauulize. Usikubali kutulizwa na "atakua tu" kama wewe unayemwona kila siku una wasiwasi.

Amevaa tisheti nyuma mbele na anajivunia. Nimwache atoke hivyo?

Mwache atoke. Kesho muonyeshe lebo inakaa nyuma.